Baba Yupi? Neno Moja, Koo Mbalimbali

Mswahili anayeanza kujifunza Kichina hupata furaha ya mapema. Mwandiko bado unamtoa jasho, lakini somo likifika kwenye jamaa wa nyumbani anajikuta ana mtaji tayari: mama ni "māma", baba ni "bàba". Hapo nadharia huzaliwa haraka. Mtu anakumbuka kwamba meli za amiri Zheng He zilifika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 15, na kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Basi kama twiga alivuka bahari, neno lingeshindwa nini?

Mchukue mwanafunzi huyohuyo umshushe Sofia, Bulgaria, aite "Baba!" barabarani. Atakayegeuka ni bibi kizee. Budapest, mwenye duka atamletea mwanasesere. Madrid watamtazama kidevuni, maana ametaja udenda. Tokyo jibu linategemea mwandiko: huenda amemtaja ajuza, huenda amesema uwanja wa farasi. Ukianza kwa kudhani kwamba maneno yanayofanana ni ndugu, itabidi uwatafutie watu wote hawa babu mmoja, nawe hutampata.

Yaliyotokea ni mambo matatu tofauti, na kinachotuchanganya ni kwamba yote matatu yametoa sauti ileile. Yapo ma-baba waliozaliwa vinywani mwa watoto wachanga, kila mahali kivyake. Wapo waliosafiri na wafanyabiashara, mashehe na wapishi. Na wapo waliogongana tu njiani, hawajuani kabisa.

Tuanze na watoto. Katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza, mtoto mchanga, awe wa Kigoma au wa Kyoto, huanza kurudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Anachofanya ni kufumba midomo na kuifumbua huku sauti ikitoka. Irabu "a" haihitaji ulimi kufanya kazi yoyote, na "b" na "m" hutengenezwa na midomo, kiungo ambacho mtoto amekwisha kukizoea kwa kunyonya. Hapo mtoto hamwiti mtu. Wanaoamua kwamba ameita ni wazazi, nao ni watu wenye upendeleo: kila mmoja husikia jina lake.

Mwaka 1959 mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock alichapisha hesabu ya maneno 1,072 ya kumtaja mzazi kutoka lugha za dunia nzima, 531 ya mama na 541 ya baba. Mwanaisimu Roman Jakobson, Mrusi aliyekuwa akifundisha Harvard, aliichukua hesabu hiyo mwaka uliofuata akaijengea maelezo. Katika maneno ya mama, asilimia 55 yalikuwa na sauti za puani kama m na n. Katika maneno ya baba, asilimia 15 tu. Jakobson alieleza hivi: mtoto akiwa ananyonya mdomo umeziba, kwa hiyo sauti pekee anayoweza kuitoa ni mguno wa puani. Mguno huo hugeuka kuwa ishara ya kutaka chakula, kisha ya kumtaka anayeleta chakula. Huyo ni mama. Baba huja baadaye na hugawiwa silabi zilizobaki, ba na pa na ta na da.

Huu ni mwelekeo tu, haulazimishi mtu, na dawa ya kumkumbusha msomaji jambo hilo ni Kijojia, lugha ya milima ya Kaukasi. Kwa Kijojia "mama" ni baba. Mama ni "deda". Mtoto wa Tbilisi husema ma-ma-ma kama wengine wote, ila huko mwanamume ndiye aliyewahi kuitika.

Hata jirani zetu wa Kibantu hawakubaliani. Washona na Wazulu wana baba kama sisi, lakini Waganda wanasema "taata" na wasemaji wa Kilingala "tata". Lugha hizi ni ndugu wa kweli, zinashirikiana maneno mengi, na bado kwenye neno la kwanza la mtoto zimeachana. Nawe unataka kutumia neno hilohilo kuthibitisha udugu wa Mswahili na Mchina?

Wanaisimu wakitaka kupima udugu wa lugha hawaangalii kufanana. Wanaangalia tofauti inayojirudia kwa utaratibu. Mfano uko hapahapa kwetu: "macho" ya Unguja ni "mato" kwa Kimvita, "mchele" ni "mtele", na "kucheka" ni "kuteka". Ch ya huku inajibiwa na t ya kule, neno baada ya neno, na utaratibu wa namna hiyo hauji kwa bahati. Ulaya vilevile: p ya Kilatini hujibiwa na f ya Kiingereza, "piscis" kwa "fish", "pes" kwa "foot", "pater" kwa "father". Maneno ya kitoto huponyoka kwenye utaratibu huu. Kila kizazi huyabuni upya midomoni, kwa hiyo hayachakai kama mengine. Baba wa leo hana umri. Huenda alianza wiki iliyopita kwenye susu la jirani yako.

Sasa twende kwa Waslavi, maana huko ndiko neno hili lilikojenga nyumba kubwa kuliko zote.

Kwa Kirusi, Kipolandi, Kibulgaria, Kiserbia na lugha nyingine za ukoo huo, "baba" ni mwanamke mtu mzima, na mara nyingi ni bibi. Wabulgaria hufungua mwezi wa Machi kwa Baba Marta, bibi mwenye hasira za kuja na kuondoka kama hali ya hewa ya mwezi huo, na tarehe 1 hufungiana vishada vya nyuzi nyeupe na nyekundu. Baba Vanga, mtabiri kipofu wa Bulgaria aliyefariki mwaka 1996 na ambaye jina lake huzuka kila mwaka mpya kwenye habari za utabiri, alikuwa mwanamke. Wasomaji wetu wengi hudhani ni mzee wa kiume, na kosa si lao. Baba Yaga wa hadithi za Kirusi ni ajuza anayeishi msituni katika kibanda chenye miguu ya kuku.

Warusi wa leo huwa waangalifu na neno hili. Bibi wa nyumbani huitwa "babushka", kwa upole. Kumwita mwanamke "baba" ni kumvunjia heshima, kama kusema jike la shambani. Methali yao husema baba akishuka kwenye mkokoteni, farasi hupata nafuu. Hata hivyo mtu wa theluji wanayemfinyanga watoto huitwa "snezhnaya baba", baba wa theluji, na hakuna anayekasirika. Kipepeo ni "babochka", bibi mdogo, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na imani ya zamani kwamba roho za bibi waliokufa hurudi zikiruka.

Kwa jirani zao wa Hungaria, ambao lugha yao si ya Kislavi wala haina udugu na Kirusi, mambo ni mawili kwa mpigo. "Baba", kwa irabu fupi, ni mtoto mchanga au mwanasesere: neno la kitoto lililomgeukia mtoto mwenyewe. "Bába", kwa irabu ndefu ya kwanza, ni mkunga, na hilo walilichukua kwa Waslavi, ambao kwao bibi mzoefu ndiye aliyekuwa akizalisha. Kwa hiyo Kihungari kinaweza kusema bába amempokea baba, na kila neno limetoka kwenye ukoo wake.

Lakini penye utamu zaidi ni Bosnia. Waturuki wa Osmani waliiteka nchi hiyo mwaka 1463 wakakaa hadi 1878. Kwa Kituruki "baba" ni baba, kama kwetu. Wabosnia walikuwa tayari na baba wao wa Kislavi, bibi mzaa mama au mzaa baba. Neno la watawala lilipoingia, hasa katika familia za Kiislamu, halikupata nafasi ya kukaa jinsi lilivyo. Likageuka irabu moja: "babo" ni baba, "baba" ni bibi. Mtoto wa Sarajevo akiwa sebuleni huita babo akaitikiwa na mwanamume, huita baba akaitikiwa na bibi yake, na wote wawili wamekaa kwenye kochi moja. Waturuki wenyewe, kwa upande wao, bibi mzaa baba humwita "babaanne", yaani baba na mama yaliyounganishwa, mama wa baba.

Mgongano kama huo uliachwa pia katika mawe. Kwenye nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi zimesimama sanamu za kale za watu, nyingi zikiwa kazi ya makabila ya Kituruki ya Wakipchaki kati ya karne ya 11 na ya 13. Waslavi huziita "kamennye baby", mabibi wa mawe. Baadhi ya mabibi hao wana masharubu. Maelezo ya wengi ni kwamba jina lilitoka kwa wenye sanamu, ambao walikuwa wakiwataja mababu zao kwa neno la Kituruki, na Mslavi akasikia alichokizoea.

Hapa ndipo tunapoingia kwa ma-baba wasafiri. Kuanzia Anatolia kupitia Uajemi hadi India, "baba" ilipanda cheo ikawa heshima ya mzee, shehe au walii. Baba Tahir ni mshairi wa Uajemi. Masingasinga humtaja mwanzilishi wa dini yao Baba Nanak. Sai Baba wa Shirdi, aliyefariki mwaka 1918, anaheshimiwa na Wahindu na Waislamu pia. Neno likaendelea mashariki hadi Melaka na Penang, ambako wanaume wa Kichina waliolowea Umalaya vizazi vingi wakaitwa Baba, na wake zao Nyonya. Mchina huyu wa Melaka basi alikuwa na "bàba" yake ya nyumbani, kisha akapewa Baba nyingine ya Kihindi kama jina la kabila.

Ali Baba naye yumo katika msafara huu. Tukilitafsiri kwa adabu zetu, jina lake ni Mzee Ali tu. Hadithi yake na wale wezi 40 haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela U Lela. Mfaransa Antoine Galland aliipata Paris mwaka 1709 kutoka mdomoni mwa kijana msimuliaji wa Aleppo, Mkristo wa Kimaroni aliyeitwa Hanna Diyab, akaiingiza katika tafsiri yake, na kutoka hapo ikazunguka dunia, ikarudi hata kwa Waarabu. Mwaka 1999 Jack Ma na wenzake walipofungua kampuni yao Hangzhou walichagua jina hilo kwa sababu kila mtu duniani analijua. Kwa Kichina mwandiko wa "baba" ya Alibaba si ule wa baba mzazi, bali matamshi yanakaribiana kiasi cha kuruhusu utani, na Wachina mtandaoni hawakuuacha: Ma akaitwa "Mǎ bàba", Baba Ma.

Ufaransa hiyohiyo ina kisa cha keki. Stanisław Leszczyński, mfalme wa Poland aliyepoteza kiti, alimalizia maisha yake Lorraine. Binti yake Marie aliolewa na Mfalme Louis wa 15 mwaka 1725, na mpishi wa vitamu Nicolas Stohrer akafuatana naye Versailles. Mwaka 1730 Stohrer alifungua duka lake mtaa wa Montorgueil, Paris, na duka hilo lipo hadi leo. Keki ya chachu iliyoloweshwa kileo inayohusishwa na mfalme huyo huitwa "baba". Wafaransa hupenda kusimulia kwamba Stanisław aliipa jina la Ali Baba kwa jinsi alivyopenda vitabu vya Galland. Hadithi nzuri, ila haihitajiki. Poland na Ukraine walikuwa na keki ndefu ya Pasaka iitwayo baba, yaani bibi, na husemwa kwamba mikunjo yake ubavuni ilifanana na sketi ya ajuza. Mfalme alikwenda na chakula cha kwao pamoja na jina lake. Kutoka Paris keki ikafika Napoli, wakaipenda hadi ikawa sifa: kumwambia mtu "sì nu babbà" ni kumwambia wewe ni mtamu wa moyo.

Mfaransa basi ana bibi wa Kislavi kwenye sahani. Ana pia "baba cool", jina la vijana wenye nywele ndefu wa miaka ya 1970 waliokwenda India kutafuta amani, na hapo baba ni yule wa Kihindi. Tena akishangaa hadi mdomo ukabaki wazi, husema amebaki "baba". Hiyo ya tatu haitoki Poland wala India. Imetokana na midomo iliyoachama. Lugha moja, herufi nne zilezile, asili tatu. Mwenye kamusi ya Kifaransa akiziweka mstari mmoja bila maelezo anamdanganya msomaji.

Udenda wa Kihispania nao ni wa midomo. "Baba" huko ni mate yanayochuruzika, na neno limejengwa kwa kuiga mdomo wa mtoto usiojifunga. Mzazi anayempenda mwanawe kupita kiasi husemwa kwamba "se le cae la baba", udenda unamdondoka. Brazil wamelitumia kwa njia zao: "babá", mkazo ukiwa mwishoni, ni yaya; "baba de moça", udenda wa msichana, ni kitamu cha nazi na viini vya mayai; na katika jimbo la Bahia "baba" ni mechi ya mchangani, ile ya kupanga mawe mawili kuwa goli. Bahia hiyohiyo ina mahekalu ya dini ya Candomblé yanayoongozwa na "babalorixá". Hapo baba ni baba kweli, na ametoka Afrika: ni Kiyoruba kilichovuka Atlantiki na watumwa. Myoruba ana Babatunde, mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya babu kufariki, maana yake baba amerudi. Ila Myoruba akiishusha toni ya silabi ya pili, "bàbá" inakuwa "bàbà", nayo ni shaba.

Toni humponza hata mwanafunzi wetu wa Kichina. "Bàba" ya kushuka ni baba. "Bǎba" ya kushuka na kupanda ni neno ambalo watoto wadogo hutumia kusema wamejisaidia haja kubwa. Mwalimu hatakucheka, ila darasa litacheka.

Waliobaki ni wale wasio na uhusiano wowote, na hao tuwapite upesi. Kituo cha treni cha Takadanobaba mjini Tokyo kina "baba" iliyotokana na "ba" ya farasi na "ba" ya mahali: uwanja wa kuendeshea farasi. Ndiyo hiyo iliyo kwenye jina la ukoo la Shohei Baba, mpiganaji wa mieleka aliyekuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili na kujulikana kwa jina la Giant Baba. Mjapani pia ana "baba" ya ajuza, na mchezo wa karata wa kuepuka kubaki na ajuza huyo mkononi. Huko Ufilipino, kwa Kitagalogi, "baba" ni kidevu, au kushuka, kutegemea mkazo unavyowekwa. Ukirudia silabi ya kwanza unapata wakati ujao, na "ba" ikija peke yake ni "je" yetu. Kwa hiyo mtu mlangoni mwa lifti anaweza kuuliza "Bababa ba?" na aliye ndani akajibu "Bababa." Itashuka? Itashuka. Mazungumzo kamili, konsonanti moja, irabu moja.

Maneno haya yakishakaa katika lugha huanza kuishi maisha ya lugha hiyo. Waturuki wameliita "baba" hata lile gogo la chuma gatini linalofungiwa kamba za meli. Ujerumani, mwaka 2013, wachapishaji wa kamusi Langenscheidt walipotangaza neno la vijana la mwaka, lilishinda "Babo", yaani bosi, mkubwa wa mtaa, lililoingia kupitia watoto wa wahamiaji kutoka Uturuki na nchi za Balkani. Dar es Salaam tulikuwa tayari na "baba lao". Shoo kali ni baba lao, lori kubwa ni baba lao. Sikia sarufi ilivyobadilika: baba wa nyumbani ni baba yao, lakini huyu amehamishwa ngeli, amewekwa pamoja na majitu na majoka, akapata "la-". Mjerumani na Mswahili wamefika mahali pamoja bila kuulizana njia.

Kizulu kina jambo ambalo Kiswahili kimelirahisisha. Sisi tunasema babangu, babako, babake, shina halibadiliki. Kwa Kizulu cha asili "ubaba" ni baba yangu au yetu tu. Baba yako ni "uyihlo", na baba yake ni "uyise". Neno la kitoto limebaki kwa mtoto mwenyewe. Wengine wote hutumia neno la watu wazima.

Nasi tuna letu. Mama wa pwani akimwita mwanawe wa kiume arudi ndani kula, husema "Njoo, baba," na kwa binti yake husema "Haya, mama." Mgeni huchanganyikiwa. Anaposikia baba wa Cairo akimwambia mtoto wake "ya baba", au baba wa Kolkata akimbembeleza mwanawe kwa "baba", huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu desturi hiyo ya kumpa mtoto cheo cha mzazi ipo kwa Waarabu na Wabengali pia. Kwa Waarabu ni mzazi anayejitaja mwenyewe: baba husema "baba" kwa mwana na kwa binti, na mama husema "mama" kwa wote wawili. Kwetu cheo hufuata jinsia ya mtoto, na nyumba nyingi zina sababu inayoeleweka kabisa. Mtoto amepewa jina la babu yake mzaa mama. Mama hawezi kusimama uani akapiga kelele "Wee Omari, acha mchanga huo!" huku hilo ndilo jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu, mikono imejaa mchanga, anaitwa baba.